Barua ya wazi kwa Baba Mchungaji na wazee wa kanisa: kuhusu zile wikendi nne za Kanisa la Kwanza

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Mchungaji shikamoo, wazee wangu wa baraza shikamooni, na nyie wenzangu wa kamati ya uinjilisti habari za majukumu.

Naandika wazi kwa sababu kwenye kikao cha Jumanne nilinyoosha mkono mara mbili na mara zote mbili muda ukawa umeisha, halafu nikituma kwa mmoja mmoja najua itaishia kwenye zile alama mbili za bluu basi. Sio ugomvi. Mi nilikuwa wa kwanza kufurahi mliposema mwaka huu tunaacha semina ya uchumi, badala yake tunafanya wikendi nne, Jumamosi na Jumapili, za kujifunza Kanisa la Kwanza, wale watu wa mwanzo kabisa walikuwa wanakutana wapi, wanasali vipi, wanakula pamoja vipi, wanauawa kwa kosa gani. Na mliposema hii sio ya kwetu sisi tuliozoea mabenchi, ni ya kuwaita majirani, nikaitikia amina kwa sauti mpaka mama wa benchi la mbele akageuka kuniangalia.

Tatizo limeanza nilipoenda kuwaita kweli.

Kila mwanakamati alipewa kadi 50. Nimezunguka nazo siku nne, mtaa wetu na ule wa nyuma ya soko, jioni nikishafunga cherehani. Wa kwanza alikuwa mama ntilie wa pale kituoni. Alikuwa anasukuma chapati, mikono imejaa unga, akaniambia nisomee wewe dada yangu. Nikasoma kwa madaha kabisa, karibu tujifunze maisha ya Kanisa la Kwanza, Jumamosi saa 9 alasiri, Jumapili saa 4 asubuhi, vazi ni kitenge cha tukio kinapatikana ofisini kwa 22,000. Chapati ilikuwa kwenye chuma inaanza kutoa moshi, hakuigeuza, akawa ananiangalia tu, kisha akauliza, "Na hao wa kwanza walikuwa na sare?"

Sikuwa na jibu. Miaka 6 nafundisha kipaimara, vitabu vya historia ya kanisa viko juu ya kabati langu la vitambaa, lakini pale nilicheka tu, nikanunua ile chapati iliyoungua, nikaondoka zangu.

Sasa kabla hamjasema huyu naye ana lake, lake lipo, ngoja niliseme mapema. Mimi ni fundi. Sare ya tukio kwangu ni hela. Nimeshapokea oda 11 za hicho kitenge, gauni 9 na mashati mawili, na nilikuwa nahesabu nyingine 20 kabla ya wikendi ya kwanza. Kwa hiyo ninavyowaomba mfute sare naomba mkono wangu mwenyewe ukatwe, na bado naomba. Kwa sababu Yakobo sura ya pili ameshayasema haya hakubakiza, anaingia mtu ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri mnamwambia keti hapa mahali pazuri, anaingia maskini mnamwambia wewe simama pale. Barua ya zamani hivyo, kumbe hii habari ya nani akae wapi kwa sababu ya nguo ilianza na wao wenyewe hao tunaotaka kuwaigiza! Na mgeni akifika siku hiyo akakuta watu 300 wa rangi moja na yeye na dera lake la kila siku, hata mkimkumbatia mlangoni ameshajua hapa si kwake.

Wa pili walikuwa vijana wa kijiwe cha bodaboda. Hao walisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea, mmoja akauliza kama ni kweli walikuwa wanatupiwa simba, nikamwambia ndiyo wapo waliotupiwa wanyama, akasema hiyo nakuja. Akaangalia kadi. "Jumamosi saa tisa? Mama, hiyo ndo saa ya kupata hela ya mafuta ya wiki." Wenzake wakacheka. Jumapili saa 4 vilevile, wanabeba watu wanaoenda makanisani, yaani wanatuleta sisi ibadani halafu tunawashangaa hawaingii.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo wazee wangu, kwa sababu naona hatukulifikiria kabisa hili la muda. Tunaongea kama vile Jumapili ilikuwa siku ya mapumziko tangu Pentekoste. Haikuwa. Aliyetoa amri Jumapili watu wapumzike ni mfalme Constantine, mwaka 321. Kabla ya hapo, karibu miaka 300, Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama Jumatatu yetu, na wengi wa wale waumini walikuwa watumwa, vibarua, mafundi, wake za watu wasioamini, huwezi kumwambia bwana wako leo siji nina kipindi. Sasa walikuwa wanasali saa ngapi? Tunayo barua ya gavana wa Kirumi anaitwa Pliny, alikuwa Bithinia, Uturuki ya leo, akamwandikia mfalme Trajan kama mwaka 112 hivi kuuliza hawa Wakristo niwafanyeje. Huyu sio mtu wetu, ni mtesaji, na ndo maana ushahidi wake mtamu. Anasema alipowahoji walimwambia kosa lao ni kwamba siku fulani wanakutana kabla hakujapambazuka, wanamwimbia Kristo wakipokezana, wanaapa kutoiba, kutozini, kutodhulumu amana, halafu wanatawanyika na kukutana tena baadaye kula pamoja chakula cha kawaida tu. Kabla hakujapambazuka! Ndo kabla ya kazi.

Kwa hiyo naomba, Jumapili ya Kanisa la Kwanza ianze saa 11 alfajiri iishe saa 12 na nusu. Sio mbadala wa ibada zetu, ibada ya kwanza na ya pili ziendelee kama kawaida. Ile ya alfajiri iwe ya mama ntilie kabla hajawasha moto, ya bodaboda kabla watu hawajatoka, ya mlinzi anayetoka lindo, ya dada wa kazi kabla bosi wake hajaamka. Taa tuzime zile kubwa. Kwaya tuimbe kwa kupokezana upande huu na upande huu, bila kinanda, tunaweza, mazoezi yatupe wiki mbili. Na Jumamosi iwe saa 2 usiku watu wakishafunga. Najua mtasema usalama, mtasema umeme, mtasema wazee hawataweza. Wazee wetu mbona mkesha wa mwaka mpya wanafika wa kwanza?

Nirudi kwenye kadi. Binamu yangu mmoja, huyu aliwahi kuwa wa kwetu, amebatizwa hapahapa, ana miaka 5 hajakanyaga. Aliipokea, akaigeuza nyuma akaona mmeandika wageni wataonana na kamati ya utoaji mlangoni. Akasema kwa upole tu wala hakunikejeli, "Dada, mi nitakuja siku mkinialika bila kunisubiri na bahasha." Kisha akanitajia, bahasha ya shukrani, bahasha ya ujenzi, bahasha ya kumtegemeza mgeni, ahadi, na baada ya ibada mnada wa mavuno kuku anauzwa kwa 60,000. Anakumbuka zote, miaka 5 hajaja lakini bahasha anazikumbuka kwa majina!

Kuna kitabu kidogo kinaitwa Didake, mafundisho ya mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili. Watu walikuwa wanajua kilikuwepo lakini kilipotea, mpaka mwaka 1873 msomi mmoja wa Kiyunani, Bryennios, aliyekuja kuwa askofu, akakikuta Konstantinopoli ndani ya maandiko yaliyonakiliwa mwaka 1056, akakichapisha 1883. Kina maelezo ya kubatiza kwenye maji yanayotiririka na kama hamna basi maji yoyote, kina kufunga Jumatano na Ijumaa, na kina sheria ya wahubiri wa kusafiri. Mhubiri akija mpokeeni. Akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka mpeni mkate wa njiani. Akiomba hela ni nabii wa uongo. Mimi sijamlenga mtu, mwalimu wetu mgeni namheshimu na nauli yake tumlipe vizuri. Nawaonyesha tu kwamba wikendi ya pili kwenye ratiba mmeandika tutafundishwa Didake, na palepale chini yake mmeandika harambee ya kumtegemeza mwalimu. Mtu akisoma kwa makini atacheka.

Sio kwamba wale hawakuwa wanatoa. Walitoa sana. Justin, mwalimu aliyeuawa Roma miaka ya 160, aliandika kama mwaka 155 akieleza ibada ya Jumapili ilivyo: wanasomewa kumbukumbu za mitume au manabii kwa kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anaongea, wanasimama kuomba, unaletwa mkate na divai na maji, mashemasi wanawapelekea wasioweza kufika, kisha wenye nacho na wanaotaka wanatoa, kila mmoja anavyoona, na kinachopatikana kinaenda kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, Tunisia ya leo, anasema hivyohivyo kama mwaka 197, kila mwezi mtu anaweka kidogo, akitaka, na akiwa nacho, halazimishwi mtu, na hela inalisha maskini na kuwazika. Kuwazika! Mtu maskini wa zama zile hofu yake kubwa ilikuwa kutupwa bila maziko, sisi wa mjini tunaopitisha daftari la rambirambi tunaelewa hiyo hofu.

Kwa hiyo ombi langu la pili, wikendi hizo nne kikapu kiwe kimoja, kikae mlangoni, asisimame mtu pembeni yake, na mtangaze mapema kinaenda wapi. Mi napendekeza kiende kwa yule mlinzi wa soko aliyelazwa, mnamjua, si wa kanisa letu wala dini yetu. Majirani wote wanamjua. Watakuja kuona kama ni kweli.

Halafu kuna hii ya chakula. Nimeona bajeti. Kuna pilau ya watu wote na kuna meza kuu, meza kuu ina kuku wa kukaanga, maji ya chupa kubwa na vitambaa vyeupe ambavyo hata hivyo nitavishona mimi. Baba Mchungaji wewe mwenyewe ulihubiri Wakorintho wa kwanza sura ya 11 mwaka jana wakati wa Kwaresma na ulihubiri vizuri sana. Wale wenye nafasi walikuwa wanafika mapema wanakula vyao, wanakunywa, watumwa na vibarua wanakuja usiku wamechoka wanakuta mabakuli matupu, huyu ana njaa na huyu amelewa, na Paulo akawaambia wazi kwamba hicho wanachokula sio chakula cha Bwana. Sasa tutafundishaje hilo halafu saa moja baadaye tuwaambie wageni wapange foleni wakati sisi tumekaa meza kuu? Futeni meza kuu. Watu wakae kwenye mikeka, sinia moja watu sita, mzee wa kanisa akae na bodaboda. Tukishakula sinia moja hakuna haja ya kipindi cha kufahamiana.

Na mahali penyewe. Nilikuwa nafikiria kwa nini lazima iwe ukumbi mkubwa na maturubai manne ya kukodi na spika zinazosikika mpaka kituoni. Kanisa la nyumbani la zamani kabisa ambalo wachimbaji wamelifukua na likajulikana wazi kuwa ni kanisa liko Syria, mji unaitwa Dura-Europos, pembeni ya mto Frati. Ilikuwa nyumba ya kawaida, karibu mwaka 240 wakabomoa ukuta kati ya vyumba viwili wakapata chumba cha kukaa watu kama 70, na chumba kingine wakakifanya cha ubatizo, ukutani wakachora mchungaji na kondoo, na Yesu akimponya aliyepooza, na akitembea juu ya maji. Mwaka 256 hivi mji ukazingirwa, askari wakafukia majengo ya karibu na ukuta wa mji ili kuukaza ukuta, nyumba ikazikwa na michoro yake, na ndo maana ilipofukuliwa miaka ya 1930 bado rangi zilikuwepo. Watu 70. Jumuiya yetu ya huku juu tukikutana Alhamisi tunafika 40 na viatu vinajaa mpaka barazani kwa jirani. Yaani Kanisa la Kwanza tunalo tayari linaitwa jumuiya, na kwenye ratiba jumuiya zimetajwa mara moja tu, kwenye usafi.

Ningefurahi wikendi ya pili yote ihamie majumbani. Kila jumuiya ichukue barua moja isomwe yote kwa sauti mwanzo mpaka mwisho kama zilivyosomwa mara ya kwanza, maana hizi ziliandikwa zisomwe mbele ya watu, wengi hawakujua kusoma. Filemoni haichukui hata dakika tano. Ina mistari 25, inahusu mtumwa aliyemtoroka bwana wake, na inasalimia kanisa lililo katika nyumba yako. Someni hiyo barua kwenye sebule ambayo dada wa kazi amesimama mlangoni na trei ya chai, muone kama kutakuwa na haja ya mwalimu mgeni. Warumi ni ndefu, kama saa moja hivi, lakini igaweni kwa wasomaji wanne. Na anayeianza awe mwanamke, kwa sababu Fibi wa Kenkrea ndiye anayeaminika aliibeba mpaka Roma.

Nimemtaja Fibi, ngoja nipite haraka kwenye hili kwa sababu nikikaa nitakasirika. Ratiba ina wasemaji 8, wote wanaume. Wanawake tuko mapambo na chakula. Lidia wa Filipi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau na kanisa la Filipi lilianzia kwake. Prisila na mumewe walikuwa mafundi wa mahema, yaani hata haya maturubai tunayokodi ingekuwa zamani ningeyapata kwa Prisila, na huyohuyo ndiye aliyemchukua Apolo msomi wakamwelekeza vizuri zaidi. Yule gavana Pliny alipotaka ukweli aliwatesa wajakazi wawili ambao Wakristo waliwaita wahudumu, hakuwatafuta wengine. Mimi siombi kuhubiri. Naomba mmoja kati ya wale 8 awe mwanamke, na tunao wawili usharikani waliosoma theolojia mpaka digrii, mnawajua, mmoja mmemweka kwenye chai.

Ninalolipenda zaidi nimeliacha huku.

Wa nne kumpa kadi alikuwa mzee mmoja fundi viatu, jirani yangu wa ukuta, Muislamu, tunasaidiana sindano. Nilimpa kwa heshima tu sikutegemea. Akavaa miwani akaisoma yote, akauliza hili kanisa la kwanza lilikuwa la Wazungu? Nikamwambia hapana mzee wangu, kuna Syria, Misri, Tunisia, Habasha. Aliposikia Habasha akaweka kiatu chini. Akasema si ndo nchi ya Najashi, yule mfalme Mkristo aliyewapokea masahaba walipokimbia Makka? Nikamwambia ndiyo, ni ufalme wa Aksum, Ethiopia ya leo, na ulikuwa umeshakuwa wa Kikristo tangu karne ya nne, mfalme Ezana alibadilisha hata alama kwenye sarafu zake, akaweka msalaba palipokuwa na mwezi na jua. Mzee akanyamaza. Akasema hiyo ya Habasha akifundisha mtu anayejua, nitakuja kukaa nyuma nisikilize.

Nikarudi nyumbani nikaifungua ratiba nitafute Habasha iko wikendi gani. Haipo. Wikendi ya kwanza Yerusalemu, ya pili Roma, ya tatu mashahidi wa Roma, ya nne mmeandika kutoka Nikea hadi Matengenezo, yaani kutoka mkutano wa maaskofu wa 325 mpaka Luther 1517 kwa mchana mmoja! Na Afrika haimo hata kwa mstari mmoja. Wazee wangu, hapa nawaomba kabisa. Matendo sura ya 8, yule towashi wa Kushi anayesoma Isaya kwenye gari lake, Kushi hiyo ni ufalme wa Meroe, Sudan ya leo, amebatizwa kabla hata Paulo hajaongoka kwa mpangilio wa kitabu. Mwaka 180, tarehe 17 Julai, watu 12 wa kijiji cha Afrika Kaskazini, wanaume 7 na wanawake 5, walisimama mbele ya liwali Carthage, akamuuliza mmoja wao, Speratus, mna nini kwenye hicho kikasha? Akajibu, vitabu na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Wakauawa siku hiyohiyo. Mimi nikifika hapo kwenye kikasha huwa nashindwa kuendelea na darasa, kwa sababu bibi yangu Biblia yake ilikaa kwenye boksi la biskuti la bati, na akisafiri hata kwenda msibani analibeba lile bati.

Carthage hiyohiyo mwaka 203 kuna Perpetua, binti wa miaka kama 22, ananyonyesha, ameandika mwenyewe shajara akiwa gerezani, baba yake anakuja kumlilia umwonee huruma mwanao uzihurumie mvi zangu, maziwa yanajaa, anaandika na hilo pia. Na Felicitas, mtumwa, mjamzito wa miezi 8, amejifungulia mlemle gerezani. Wamekufa pamoja uwanjani, bibi mwenye ukoo na kijakazi. Hebu msimulieni hiyo mama ntilie saa 11 alfajiri muone kama atauliza habari za sare. Wale vijana wa kijiweni pia, hiyo ndo habari ya wanyama waliyokuwa wanaiulizia, na waliotupiwa walikuwa Waafrika. Kwa hiyo futeni hiyo ya mpaka 1517, Matengenezo yana mwezi wake Oktoba na tutayasherehekea. Wikendi ya nne iwe Afrika nzima, Carthage, Aleksandria, Aksum. Tuikiri Imani ya Nikea mwishoni kama kawaida, na tuwaambie wageni kwamba mmoja wa waliobishana sana kule Nikea kuhusu uungu wa Kristo alikuwa Arius, mzee wa kanisa wa Aleksandria, na Athanasius aliyempinga maisha yake yote alikuwa wa Aleksandria hiyohiyo.

Na maswali. Wekeni nusu saa ya maswali kila siku na mtu asijibiwe kwa mstari wa Biblia halafu akae chini. Tusiwadanganye kwamba wale walikuwa malaika. Matendo sura ya 6 wajane wa upande mmoja walikuwa wanarukwa kwenye mgao wa chakula kila siku, manung'uniko yakaanza, ndo wakachagua watu 7. Ugomvi wa mgao wa chakula majirani zetu wataujua palepale. Mahubiri yasizidi dakika 25. Paulo kule Troa aliongea mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu, na Paulo angalau alikuwa na uwezo wa kumrudisha, sisi kikosi cha huduma ya kwanza kina panadol na maji ya uvuguvugu.

La kadi zenyewe ni dogo. Picha ya Baba Mchungaji na Mama imetoka vizuri sana, suti imekaa, lakini imechukua nusu ya kadi na watu mtaani wanadhani ni kadi ya harusi, wawili wameniuliza mchango ni kiasi gani. Zikichapwa upya, zisiwe na picha, ziwe na maneno machache: tutakula, tutasikiliza barua za zamani, hakuna mchango, njoo na nguo uliyovaa. Niko tayari kuchangia gharama ya kuchapa kwa ile advansi ya sare niliyopokea, nitawarudishia kitambaa wenye oda zao na wale walioshakatiwa nitawashonea kwa bei ya pole wavae siku nyingine.

Kadi zangu zimebaki 37. Nimezifunga mpira ziko kwenye droo ya cherehani, sijagawa tena tangu Ijumaa. Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya nitapita ofisini, mkisema tubadilishe nitaziacha hapo, mkisema twende hivyohivyo nitazimalizia kugawa kwa sababu ni kazi niliyopewa, ila kwa mama ntilie na kwa yule mzee wa viatu naomba mnisindikize nyie wenyewe.

Wenu katika Bwana,
Fundi wa cherehani, sauti ya pili, kwaya ya ibada ya kwanza